Nani Afanye Kazi ya Leta Lubondja?

Mwishoni mwa Septemba 1965 mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, ulitekwa na watu wa mkataba. Walikuwa askari wa kukodiwa wa Kikosi cha 5, chini ya Mike Hoare, watu waliotia saini karatasi yenye muda, mshahara na kazi iliyotajwa. Walipanda Ziwa Tanganyika kutoka Albertville, Kalemie ya leo, wakashuka Baraka huku ndege zikiwafunika kwa juu. Waliowangoja walikuwa waasi wa Fizi na Wakuba waliokuja na Che Guevara. Mapigano yalikuwa makali, lakini mji ulishikwa, na mwezi wa Oktoba Fizi-centre nayo ikaanguka.

Ukimuuliza mkandarasi, kazi hiyo ilikamilika na malipo yake ni halali. Leta, yaani serikali, ilipata nini? Desemba 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP na kukita maskani katika milima hiyohiyo ya Fizi, akakaa huko karibu miaka 20 akiwa na kodi zake na askari wake. Mwaka uleule wa 1967 askari wa kukodiwa wakiongozwa na Jean Schramme walimgeukia aliyewaajiri, wakaushikilia mji wa Bukavu tangu Agosti hadi Novemba. Waliokodiwa walijua kuteka mji. Kukaa, kupima mashamba, kusikiliza kesi, kufundisha watoto na kuwalinda watu usiku baada ya vita kwisha hakukuandikwa katika mkataba wao, na hakuna aliyeletwa nyuma yao ili afanye hayo.

Ninaanza na vita vya zamani kwa makusudi. Mjadala wa kama kazi ya serikali ifanywe na waajiriwa wa umma au na makampuni ya binafsi kwa kawaida huletwa kwetu ukiwa umevaa suti ya mjini: ufanisi, ushindani, gharama, akiba ya bajeti. Unadhania kwamba upo upande wa umma unaofanya kazi, na kwamba swali ni kama upunguzwe. Huku Lubondja, ndani ya wilaya ya Fizi, mbali na ziwa, swali hilo linageuka. Wilaya ya Fizi ina zaidi ya kilomita za mraba 15,000, yaani zaidi ya nusu ya nchi ya Rwanda, imegawanywa katika sekta 4: Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge. Kazi ya Leta ndani yake tayari imegawiwa watu wa nje ya Leta. Shule ziko mikononi mwa makanisa, hospitali zinategemea misaada, barabara ni za miradi, ulinzi ni wa yeyote mwenye bunduki. Kilichokosekana mara nyingi ni mkataba wenyewe, na mtu wa umma wa kuusimamia.

Wala hili halikuanza na uhuru. Mwaka 1902 Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliiachia kampuni ya reli ya CFL, ya tajiri Édouard Empain, kujenga njia ya kuelekea Maziwa Makuu, na malipo yake yakawa ardhi na haki za madini mashariki mwa Kongo. Reli ya Kabalo hadi Albertville ilifika ziwani mwaka 1915. Mwaka 1928 ikaundwa CNKi, Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo cha ubia kati ya koloni na wenye mitaji, ikapewa mamlaka juu ya ardhi ya Kivu. Kwenye pwani ya Waswahili jambo hilo lilikuwa limezoeleka zamani zaidi: kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, nyumba ya Jairam Shivji ikiwa maarufu kuliko zote. Aliyekodi alimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa, kisha akakusanya kwa watu na kubaki na kilichozidi. Ulikuwa unyonyaji, lakini ulikuwa na hesabu. Linganisha na bariyeri za Kivu, yaani vizuizi vya barabarani. Utafiti wa shirika la IPIS wa mwaka 2017 ulihesabu bariyeri 798 katika Kivu zote mbili, za askari wa serikali na za makundi yenye silaha. Muuza mihogo anayeshuka Baraka analipa kodi iliyobinafsishwa bila aliyekodi kujulikana, bila bei kupatanwa, na bila hazina kupokea chochote.

Tuziangalie shule, kwa kuwa ndiko mkataba wa zamani zaidi uliobaki hai. Rais Mobutu alizitaifisha mwaka 1974. Ilipoonekana kwamba Leta haiwezi kuziendesha, tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa saini mkataba wa kuzirudisha kwa makanisa: serikali inalipa walimu na kuweka mitaala, kanisa linasimamia. Ndiyo maana mpaka leo shule nyingi za umma mashariki ni za Wakatoliki, za Waprotestanti au za Wakimbangu, na baadaye Waislamu nao wakaingia. Kanisa ndilo linalopendekeza mwalimu na kumhamisha. Leta inampa matrikule, namba ya utumishi, ikitaka.

Hilo "ikitaka" ndilo limezaa uchungu wote. Kuna mwalimu mwenye matrikule anayelipwa. Kuna mwenye matrikule asiyelipwa. Kuna asiye na hata namba, miaka inapita akifundisha kwa tumaini la kuingizwa kwenye orodha. Wote watatu wanasimama mbele ya ubao mmoja. Wazazi walibeba pengo hilo kwa michango, jambo lililokuwa kinyume cha katiba ya 2006, ambayo kifungu chake cha 43 kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi aliamuru kifungu hicho kitekelezwe. Watoto walimiminika madarasani, na mwalimu asiye kwenye orodha akapoteza mchango wa mzazi kabla hajapata mshahara wa Leta.

Sasa tazama jinsi mshahara unavyosafiri. Zamani noti zilipita mkono kwa mkono kutoka Kinshasa hadi kijijini, na kila mkono ulijikata chake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaletwa bankarizasyo, kila mtumishi na akaunti yake. Mageuzi mazuri, ila benki haipandi mlima kwenda kwa mwalimu. Kwa vijiji visivyo na benki serikali ikaliomba shirika la Caritas la Kanisa Katoliki libebe mishahara, na sehemu nyingine zikaachiwa makampuni ya simu. Kwa hiyo mwalimu wa umma anaajiriwa kwa pendekezo la kanisa moja, anasimamiwa na ofisi ya kanisa hilo, na huenda analipwa kupitia shirika la kanisa lingine au dirisha la kampuni. Kumwita mtumishi wa umma ni sahihi kisheria. Katika maisha yake ya kila siku Leta ni jina lililo kwenye karatasi.

Na karatasi yenyewe haiaminiki. Januari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulitangaza kwamba katika orodha ya mishahara ya nchi kulikuwa na majina 145,604 yasiyoonekana kwenye orodha za idara zinazodaiwa kuwaajiri, na kwamba kasoro za orodha hiyo zilikuwa zinaigharimu hazina zaidi ya faranga bilioni 148 kila mwezi. Mwalimu anayefundisha hayumo, na asiyekuwepo duniani analipwa. Wanaotetea ubinafsishaji hushika takwimu kama hizi na kusema: mnaona, waajiriwa wa umma hawafai, toeni mikataba. Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na ushahidi wangu ninauchukua Kenya.

Magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walijaribu walimu wa mkataba: vijana wenye vyeti, mshahara wa takribani robo ya mwalimu wa serikali, mkataba wa muda unaoweza usirudiwe. Wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Ikaonekana dawa imepatikana. Serikali ya Kenya ikapanga kuajiri walimu wa mkataba 18,000, na kundi lingine la watafiti, wakiwemo Tessa Bold, Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu, likapata nafasi adimu ya kupima jambo hilo kwa upana. Walichukua shule 192 katika mikoa yote 8 ya wakati huo. Mkataba uleule, mshahara uleule. Katika baadhi ya shule msimamizi akawa shirika la World Vision, katika nyingine akawa wizara yenyewe. Chini ya World Vision alama za watoto zilipanda. Chini ya wizara hazikupanda hata kidogo. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ulilegea. Wakati huohuo chama cha walimu kikadai ajira za kudumu, na baada ya mgomo wa 2011 walimu hao wakaahidiwa kuingizwa kwenye orodha ya kawaida.

Sijui jaribio lingine linalolijibu swali hili kwa uwazi zaidi. Mkataba haukuwa na nguvu ndani yake. Nguvu ilitoka kwa anayelipa kwa wakati na anayekwenda kuangalia. Serikali isiyoweza kumlipa mwalimu wake na kujua kama amekwenda darasani haiwezi kupona ugonjwa huo kwa kumwita mwalimu "mkandarasi". Itachelewesha ankara kama ilivyochelewesha mshahara, na itapokea darasa lisilofundishwa kama ilivyopokea jina la mtu asiyekuwepo.

Hospitali zinatufundisha jambo la pili, ambalo ni kuondoka. Wilaya ya Fizi ina kanda za afya 4: Nundu, Fizi, Kimbi-Lulenge na Minembwe. Hospitali kuu ya Nundu ni ya Kanisa la Methodist Huru, lakini inafanya kazi kama hospitali ya rufaa ya kanda nzima. Huu ni mkataba wa zamani wa aina ya shule: jengo na uongozi wa kanisa, wajibu wa umma. Unakwenda, kwa shida lakini unakwenda, kwa sababu kanisa ni la wenyeji. Lina waumini Nundu, lina makaburi Nundu, na vita vinapokuja halina pa kurudi.

Hospitali kuu ya kanda ya Fizi, iliyoko Baraka, ilikuwa na hadithi nyingine. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walifika Baraka mwaka 2003. Kwa miaka mingi walibeba upasuaji, watoto wenye utapiamlo, malaria na kipindupindu ambacho mwambao wa Tanganyika haujakiaga. Waganga wa Leta walifanya kazi pamoja nao wakipokea primu (posho) zao. Desemba 2020, baada ya mashambulio dhidi ya wafanyakazi wake, shirika lilitangaza kwamba linalazimika kufunga sehemu kubwa ya shughuli zake katika wilaya ya Fizi. Hakuna anayeweza kulilaumu. Nani atawaacha watu wake wapigwe risasi? Lakini mgonjwa wa Lubondja aliyezoea kutibiwa bure hakuwahi kutia saini popote, na hakuna kifungu kilichosema ni nani atampokea siku mgeni akifunga virago. Primu zilipokatika, mganga wa umma alirudi kwenye mshahara wake halisi, na mshahara halisi ulirudisha bei kwenye dirisha la dawa.

Katikati kuna njia ya kulipa kwa matokeo, ambayo Kivu Kusini iliijua mapema. Tangu katikati ya miaka ya 2000 shirika la Cordaid la Uholanzi lilijenga Bukavu ofisi inayonunua huduma kutoka vituo vya afya: mzazi aliyezalishwa, mtoto aliyechanjwa, kila kimoja na bei yake baada ya kuhakikiwa. Benki ya Dunia ikauchukua mtindo huo kwa nchi nzima. Matokeo yake yamechanganyika. Katika jaribio la Haut-Katanga, Élise Huillery na Juliette Seban waliona wahudumu wakijitahidi kuvuta wagonjwa, wagonjwa wasiongezeke, na ari ya kazi ikashuka mradi ulipokwisha. Kinachonivutia mimi katika mfumo huo ni kitu ambacho hakikuwa kwenye tangazo: ulimlipa mtu kwenda kijijini kuhesabu. Vituo vingi havikuwa vimewahi kutembelewa na mkaguzi anayerudi.

Kwenye barabara ndiko neno mkandarasi linapokuwa na maana ambayo kila mtu Fizi anaielewa, maana yake katapila. Kongo inahesabu kilomita zaidi ya 152,000 za barabara: takribani 58,000 ziko chini ya Office des Routes, karibu 87,000 ni barabara za mashamba chini ya DVDA, na za mijini ni za OVD. Office des Routes iliundwa mwaka 1971 iwe na wahandisi, mashine na vibarua wake. Ilipodhoofika, fedha za wafadhili zilianza kupita pembeni yake kwenda kwa makampuni. Mradi wa ProRoutes wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2008, uligusa barabara ya taifa namba 5 inayoshuka kutoka Uvira kupitia Baraka na Fizi kuelekea Kasomeno, Katanga. Katapila zilipita, watu wakashangilia, lori likafika siku moja mahali lilipokuwa likifika kwa wiki. Kisha mvua ikanyesha, na mkataba ulikuwa umekwisha.

Mradi huohuo ulitoa onyo kali zaidi upande wa Bukavu kwenda Goma. Wakazi walilalamika kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia kuhusu kampuni ya Kichina ya SZTC: ukatili wa kingono, vibarua kunyanyaswa, ardhi na mawe kuchukuliwa bila fidia, na askari kutumika kulinda kazi. Novemba 2017 Benki ikasimamisha malipo ya ujenzi. Angalia njia ambayo malalamiko yalipita. Mwanamke wa kando ya barabara alilazimika kulia hadi Washington ili asikike, kwa sababu kati yake na mkandarasi hapakuwa na mtumishi wa umma mwenye kalamu ya kusimamisha kazi.

Dar es Salaam mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, ya Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mshirika wa ndani, ilipewa kuendesha maji ya jiji. Mei 2005 serikali ikasema kampuni imeshindwa, ikavunja mkataba, na shirika la umma, DAWASCO, likachukua kazi. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa walisema Tanzania ilikiuka wajibu wake kwa namna ya kuvunja, lakini haikutakiwa kulipa fidia. Mtu anaweza kubishana juu ya siasa za uamuzi ule. Jambo moja halina ubishi: Tanzania iliweza kumfukuza mkandarasi kwa sababu mafundi wa maji wa umma walikuwepo wa kushika mabomba kesho yake. Uingereza nayo, kampuni ya Carillion ilipofilisika Januari 2018 ikiwa na mikataba ya hospitali, shule na magereza, serikali ndiyo iliyobeba gharama za kuendeleza huduma. Asiye na watu wake hawezi kumfukuza mtu wa mkataba. Anaweza tu kumbembeleza.

Kwa upande wa fedha, Kinshasa imetufundisha vya kutosha. Sheria ya manunuzi ya umma ya Aprili 2010 inataka zabuni na kuufanya mkataba wa kupeana moja kwa moja, ule tunaouita gré à gré, uwe wa nadra. Hata hivyo mwaka 2014 shamba kubwa la Bukanga Lonzo lilikabidhiwa kampuni ya Afrika Kusini, Africom, na fedha zikapotea. Mei 2025, katika kesi hiyo, Mahakama ya Katiba ilimhukumu waziri mkuu wa zamani, Augustin Matata Ponyo, miaka 10 ya kazi ngumu. Mkataba wa 2021 wa karibu dola milioni 400 kwa ajili ya vituo vya maji vijijini uliishia kwenye kelele za bei na kesi mwaka 2024. Na mpango wa maendeleo wa wilaya zote 145, Fizi ikiwemo, wenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1.6, uligawiwa mashirika matatu ya utekelezaji, PNUD, BCECO na CFEF, nayo yakawapa wakandarasi, nao mara nyingine wakawapa wengine chini yao. Mpaka tofali linafika kijijini, ofisi ya sekta haijui ni nani wa kuulizwa.

Oliver Hart, aliyepata Nobel ya uchumi 2016, alieleza kanuni inayotusaidia hapa. Mkandarasi ana hamu ya kupunguza gharama. Pale ambapo ubora unaweza kuandikwa na kupimwa, hamu hiyo ni nzuri. Pale ambapo ubora hauandikiki, atapunguza kile kisichoandikwa. Upana wa daraja unaandikika. Upole wa mzalishaji saa tisa za usiku, uvumilivu wa mwalimu kwa mtoto mzito wa kusoma, na kujizuia kwa mwenye bunduki mbele ya mlango wa mjane haviandikiki.

Na bunduki ndiyo inayoturudisha kwenye biashara ya 1965, kwa kuwa biashara hiyo imerudi yenyewe. Miaka michache iliyopita serikali iliingia mikataba na kampuni za Agemira na Congo Protection kwa ajili ya vita vya Kivu Kaskazini. Mikataba ya Waromania iliyoonwa na BBC ilitaja dola 5,000 kwa mwezi, wakati askari wa jeshi la taifa, FARDC, alikuwa akipata kama 100, tena zikifika. Goma ilipoanguka Januari 2025, Waromania karibu 300 walisalimisha silaha na kupitishwa Rwanda kurudi kwao. Mkataba wao haukuwa wa kufa, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo.

Fizi imepata upande wa pili wa sarafu hiyo, mkataba bila mshahara. Wazalendo, yakiwemo makundi yaliyokuwa yakiitwa Mai-Mai kama la William Amuri Yakutumba, walitambuliwa kama wasaidizi wa jeshi, na mwaka 2023 ikatungwa sheria ya jeshi la akiba. Wapo waliokwenda kwa moyo wa kweli wa kulinda ardhi ya baba zao, na sitawabeza. Lakini mtu aliyepewa kazi ya Leta bila posho ya Leta atakula wapi? Atakula kwenye bariyeri. Atakula salongo ya wanakijiji, yaani kazi yao ya lazima isiyolipwa, na mbuzi wa mkulima. Bukavu ilipoanguka Februari 2025 na serikali ya mkoa kuhamia Uvira, benki zikafungwa katika miji iliyotekwa na hata mshahara wa wenye matrikule ukawa wa kubahatisha. Tofauti kati ya askari, Mzalendo na mlinzi wa bariyeri imezidi kuwa nyembamba kwa sababu wote watatu wanalishwa na raia yuleyule.

Basi nani afanye nini Lubondja? Sina imani na jibu moja kwa kila kazi. Ulinzi na hukumu zisikodishwe kamwe, si kwa Mzungu wala kwa ndugu yetu. Mwalimu na mganga wawe wa umma, hata kama kanisa linaendelea kusimamia, na kipimo cha kwanza cha utumishi wao kiwe mshahara unaofika. Kujenga daraja au jengo la shule kunaweza kwenda kwa mkandarasi, kwa zabuni ya wazi, kwa kuwa kazi hiyo ina mwanzo, mwisho na vipimo.

Barabara ya mashamba ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu adui yake ni maji ya mvua, na mvua haingoji zabuni. Tunazo kamati za matengenezo za vijiji, zile CLER, ambazo DVDA na miradi kadhaa imezitumia: watu wa kijiji wanapewa kipande chao, chepe, panga na toroli, wanazibua mifereji na kujaza mashimo, wanalipwa kwa kilomita baada ya fundi wa umma kupita na kukubali. Huo ni mkataba wa binafsi kwa maana yote ya sheria, lakini mkandarasi analala kando ya kazi yake na gunia lake la mihogo linapita juu yake. Tanzania imefanya jambo la jirani na hilo kwenye majengo, kwa mfumo wanaouita fosi akaunti: kamati ya shule inanunua vifaa na kukodi mafundi wa mtaani. Madarasa 15,000 ya mwaka 2021 na 2022 yalijengwa hivyo kwa mkopo wa IMF. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wao zimelalamika mara kwa mara kuhusu manunuzi mabovu na uhaba wa wahandisi wa kusimamia. Hata penye mafanikio, upungufu uliobaki ni uleule wa mtu wa umma.

Hatari ya kamati za kijiji tunaijua pia. Nchi hii ilipita kwenye kazi za shuruti za Wabelgiji, ikapita kwenye salongo ya Mobutu, na leo inapita kwenye salongo ya wenye silaha. Kamati ambayo malipo yake yanachelewa miezi sita inageuka salongo ya nne, na vijana watatupa machepe na kupanda kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Malipo hayo yana pa kutoka: mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, upo tangu 2008 na unakusanya kwa kila lita ya mafuta na kwenye vituo vya malipo. Wenye pikipiki wa Fizi wanauchangia kila siku wanapotia mafuta.

Kwa wabunge wa mkoa waliochaguliwa Fizi, kwa meya wa Baraka na kwa machefu wa sekta 4, ombi ni dogo na halihitaji sheria mpya. Kabla ya kandarasi nyingine yoyote kupanda kuelekea Lubondja, pelekeni huko fundi mmoja wa barabara na mkaguzi mmoja wa shule wenye matrikule, pikipiki na mshahara. Bandikeni kila mkataba kwenye mlango wa ofisi ya sekta, sokoni na makanisani, kwa Kiswahili: jina la kampuni, kiasi cha fedha, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na jina la mtumishi wa umma mwenye mamlaka ya kukataa kazi mbovu. Mkandarasi asilipwe mpaka mtumishi huyo na kamati ya kijiji watie saini. Na mkandarasi atakayesema hawezi kufanya kazi kwa masharti hayo, mwacheni aende.